Toleo jipya la gazeti la waalimu: tulisome namna gani?

Fikirini darasa moja, nalo lafanana na madarasa mengi tunayoyajua. Mtoto amesimama, mikono nyuma, anajibu somo la sayansi. Asema bila kukosa hata neno: «Asidi ni kitu chenye uchachu. Besi ni kitu kinachoondoa nguvu ya asidi.» Mwalimu anafurahi, anampa alama zote. Kisha mgeni aliyekuja kuitazama shule anaweka mezani vikombe viwili: kimoja kina maji ya ndimu, kingine kina maji yaliyochujwa katika majivu. Amwuliza mtoto: «Mwanangu, katika vikombe hivi, chenye asidi ni kipi? Nawe utajuaje bila kuonja wala kunusa?» Mtoto ananyamaza. Anamtazama mwalimu wake, na mwalimu anatazama chini.

Tusimcheke mwalimu huyo. Afundisha jinsi alivyofundishwa. Ana ubao, ana chaki, labda ana kitabu kimoja kwa watoto hamsini. Lakini tusijidanganye: mtoto yule amepata alama, sayansi hakuipata. Maneno aliyoyakariri yatamtoka baada ya mtihani kama maji katika kikapu.

Je, mwalimu naye atafundishwa na nani? Tangu alipotoka katika shule ya waalimu, mara nyingi ameachwa peke yake na kazi yake. Hapo ndipo gazeti la waalimu linapofaa. Leo twataka kuwajulisha moja lenye sifa, ili mwalimu apatapo toleo jipya ajue ni kitu gani alicho nacho mkononi.

Gazeti hilo huitwa «Science in School», maana yake Sayansi Shuleni. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2006, na tangu hapo yametoka matoleo zaidi ya 60. Latolewa na umoja uitwao EIROforum, wenye mashirika manane makubwa ya uchunguzi katika Ulaya. Moja ni CERN, lililoanzishwa mwaka 1954 karibu na mji wa Geneva. Huko wataalamu hugonganisha chembe ndogo kabisa katika mtambo wa mviringo uliochimbiwa chini ya ardhi, wenye mzunguko wa kilometa 27. Jingine ni ESO, lenye darubini kubwa za kutazama nyota katika jangwa la Chile. Jingine tena ni EMBL, lenye makao Heidelberg katika Ujerumani, linalochunguza mambo ya viumbe hai.

Mtu atauliza: «Watu wenye mitambo ya namna hiyo wana neno gani na shule yangu ya matofali ya udongo?» Wana neno. Makala za gazeti hilo huandikwa na wataalamu na waalimu, na kabla ya kutolewa husomwa na waalimu wengine, wapime kama zafaa darasani. Msomaji halipi kitu. Makala nyingine humweleza mwalimu mambo mapya yaliyovumbuliwa. Nyingine humtia moyo kwa habari za watu na kazi zao. Nyingine humwonyesha kazi ya kufanya pamoja na wanafunzi, hatua kwa hatua. Lugha yake ni Kiingereza, lakini makala nyingi zimegeuzwa katika lugha nyingine za Ulaya, hata Kifaransa ambacho waalimu wetu wakisoma. Gazeti lapatikana kwa intaneti. Asiye na njia ya kulipata na amwombe mwenzake amchapie makala moja kwenye karatasi. Moja yatosha kwa kuanza.

Basi toleo jipya tulisome namna gani? Usilimeze lote kwa siku moja. Chagua makala moja ya kazi ya darasani, uisome mara mbili, kisha ujiulize maswali matatu. La kwanza: kazi hii yafundisha jambo gani? La pili: inataka vyombo gani? La tatu: kitu gani cha kwetu chaweza kushika mahali pa kile nisichokuwa nacho? Wengi hufika kwenye swali la pili, hukunja karatasi na kusema, «Haya ni ya Wazungu.» Lakini swali la tatu ndilo kazi yenyewe ya mwalimu.

Tutoe mfano. Waalimu wa Ulaya wamezoea kuonyesha asidi na besi kwa maji ya kabichi nyekundu. Wewe huna kabichi hiyo. Lakini sokoni mna yale maua makavu mekundu ya kupikia kinywaji kiitwacho bissap. Rangi iliyomo ni ya jamii moja na ile ya kabichi. Wataalamu huiita antosiani. Chemsha maua machache, chuja, kisha ongeza maji mengi mpaka wekundu upungue. Yagawe katika bilauri tatu. Ya kwanza iache ilivyo. Katika ya pili tia ndimu: rangi itawaka nyekundu. Katika ya tatu tia maji ya majivu, tone kwa tone: wekundu utatoweka, na rangi itaelekea kijani. Sasa rudisha ndimu katika bilauri hiyo ya tatu, nao wanafunzi wahesabu matone. Kidogo kidogo wekundu utarudi. Hapo wameona kwa macho yao jambo ambalo yule mtoto alilisema kwa mdomo tu: besi huondoa nguvu ya asidi, na asidi huondoa nguvu ya besi.

Lakini angalia! Jaribu kwanza nyumbani jioni. Ukizidisha maua, maji yenyewe huwa na uchachu mwingi, na ndimu haitabadili kitu. Utaaibika mbele ya darasa. Tena maji mazito ya majivu huunguza ngozi na macho. Mwalimu ndiye ayatie, wala mtoto asionje kitu chochote cha jaribio.

Wazo hili si geni. Baada ya vita vya pili vya dunia, shule nyingi zilikuwa zimepoteza vyombo vyao. Mwaka 1948 UNESCO ilitoa kijitabu kwa waalimu wa sayansi wa nchi zilizoharibiwa na vita. Mwaka 1956 kikafuata kitabu kikubwa zaidi, chenye kuonyesha majaribio mengi ya kufanywa kwa vitu vya kawaida. Tena wale walioharibikiwa na shule zao walikuwa watu wa Ulaya pia. Basi kufundisha kwa kopo na chupa si aibu ya maskini.

Enyi wakubwa wa shule, toleo jipya likifika lisifungiwe kabatini pamoja na mihuri. Liwekeni mezani, na kila mwezi mwalimu mmoja awaonyeshe wenzake jaribio moja alilolifanya, pamoja na lile lililomshinda. Enyi wazazi, mtoto akiomba chupa tupu au gao la majivu kwa ajili ya somo, msimkaripie. Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza: «Mwalimu, tutajuaje kwamba ni kweli?» Swali hilo si utovu wa adabu. Wataalamu wa Geneva, pamoja na mtambo wao wa kilometa 27, huuliza lilo hilo kila siku.

Mgeni yule atarudi shuleni siku moja na vikombe vyake viwili. Ikiwa mwalimu amelifungua gazeti na kufanya kazi yake, mtoto hatanyamaza tena. Ataomba ruhusa, atakwenda kuchukua chupa ya maji mekundu dirishani, na mgeni atangoja jibu.