UFAFANUZI: FIDIA KWA WANAOANGUKA KATIKA MAJUKWAA YA UJENZI

Wananchi kadhaa wa Unguja na Pemba huvuka bahari kwenda kufanya kazi za ujenzi Dar es Salaam na mikoa mingine ya Tanzania Bara. Aangukaye kutoka katika jukwaa la ujenzi huko, kisha akarudi kisiwani kuuguzwa na jamaa zake, asidhani kuwa haki yake imekwisha alipopanda boti.

Inafafanuliwa kwamba ajali ya kazini iliyotokea Bara huamuliwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar. Aliyeumia hapa Visiwani hudai kwa sheria za Zanzibar.

Utaratibu wa Bara ni huu:

(a) Mwajiri ajulishwe mara moja. Naye hupaswa kuripoti ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7.

(b) Madai yafikishwe kwenye Mfuko kabla ya kupita miezi 12.

(c) Asiyeridhika na uamuzi wa Mfuko hukata rufaa kwa Waziri, kisha Mahakama ya Kazi.

Mafao ni pamoja na matibabu, asilimia 70 ya mshahara kwa ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu na pensheni ya wategemezi wa aliyefariki.

Majeruhi au jamaa yake atunze vyeti vya hospitali na majina ya wenzake walioshuhudia, wala asitie saini au kidole gumba katika karatasi asiyosomewa akaielewa.