Kuchagua Msumeno wa Umeme na Mabapa Yake

Labda umetoka mgodini Misisi au Lulimba na fedha kidogo mkononi, na nyumba yako yataka mlango, dirisha na kabati. Umeona kwa seremala wa Baraka msumeno mdogo wa umeme ukata ubao upesi, nawe wautamani. Ni chombo chema. Lakini fedha ya dhahabu ikiisha kutoka hairudi, na watu wengi hununua mashine kwanza, ndipo huuliza kazi yake. Wewe fanya hivi: tazama kazi, kisha umeme, kisha bapa; mashine iwe ya mwisho.

Msumeno huu ni wa namna gani? Una bapa, yaani chuma chembamba chenye meno, nalo hupanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Na kweli ulianzia katika cherehani. Mwaka 1946 Albert Kaufmann, fundi wa Uswisi, alitoa sindano katika cherehani ya mkewe akatia bapa la msumeno mahali pake. Basi kazi yake ni kukata mapindo, duara, na matundu katikati ya ubao, kama tundu la kitasa cha mlango. Haufai kupasua gogo wala kukata boriti nene za paa. Kwa boriti, msumeno wa mkono wenye meno makubwa ni bora.

Kwanza, umeme. Mashine nyingi zenye waya zinazouzwa katika Kongo hutaka volti 220. Betri ndogo ya jua, iwashayo taa na kujaza simu, haiwezi kuendesha mashine ya wati 500 au 600. Huhitaji jenereta, au mtambo mkubwa wa jua. Iko mashine nyingine yenye betri yake, mara nyingi ya volti 18. Hiyo yafaa ukiwa karibu na mahali pa kuijaza. Kama uko milimani mbali na Fizi, wala hakuna umeme, usinunue mashine. Nunua msumeno wa mkono wenye fremu kama upinde na bapa jembamba. Utakata mapindo karibu na ukingo wa ubao, ila kwa jasho zaidi.

Pili, mkia wa bapa. Kila bapa lina mkia unaoingia katika mashine. Mikia mingi ina mabega mawili kama herufi T. Mingine ina pengo juu kama herufi U. Mashine ya T haishiki mkia wa U. Kwa hiyo chukua bapa la zamani dukani ulinganishe, na uchague mashine ambayo mabapa yake huuzwa karibu nawe. Mashine isiyo na mabapa ni mzigo tu.

Tatu, meno. Yahesabu katika inchi moja, ndiyo kama upana wa kidole gumba. Meno 6 hadi 10 ni ya mbao: hukata upesi, lakini huacha ukingo wenye manyoya. Kwa tripleksi, tafuta meno madogo zaidi. Kwa chuma, meno 20 na zaidi. Ukikata chuma kwa bapa la mbao, meno yatavunjika siku hiyo hiyo. Na bati jembamba la kuezekea likate kwa mkasi wa bati, maana msumeno hulitikisa na kulipasua.

Tazama pia upana na urefu. Bapa jembamba hupinda vizuri katika duara. Bapa pana hufuata mstari ulionyoka. Lazima ncha ya bapa ibaki nje ya ubao hata likiwa juu kabisa. Likiwa fupi litagonga na kukatika. Bapa la chuma cha kawaida ni rahisi kwa bei nalo latosha kwa mbao laini. Bapa la chuma namna mbili kilichounganishwa ni ghali zaidi, lakini halikatiki upesi, nalo hudumu.

Meno ya mabapa mengi huelekea juu, basi upande wa juu wa ubao ndio huchanika. Weka upande mzuri chini. Kutoboa tundu katikati, anza kwa keekee, kisha ingiza bapa. Mbao zikate kwa mwendo wa kasi; chuma kwa mwendo wa polepole na tone la mafuta. Usisukume kwa nguvu. Ukiona moshi na ubao umekuwa mweusi, bapa limekuwa butu, libadili.

Kabla ya kubadili bapa, chomoa waya au toa betri. Bana ubao kwa jiliwa, wala usimpe mtoto aushike. Vidole visipite chini ya ubao. Vaa miwani, maana punje moja ya chuma yaweza kuharibu jicho.

Basi, kabla ya kushuka Baraka, pima unene wa mbao zako. Andika kazi unayotaka, na umeme ulio nao. Mwonyeshe mwenye duka karatasi hiyo, umwambie aijaribu mashine mbele yako. Akikataa, nenda duka jingine.