Anayeanza Kunyanyua Vyuma Ajikaze Kiasi Gani?

Mwezi Januari 2011, wachezaji 13 wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitalini ndani ya siku chache. Walikuwa wamerejea kutoka mapumziko ya wiki kadhaa, na katika mazoezi ya kwanza wakatakiwa kuchuchumaa na kuinuka mara 100 wakiwa na vyuma mabegani. Uzito wenyewe ulikuwa nusu tu ya ule wa juu kabisa ambao kila mmoja aliweza kuuinua. Siku chache baadaye misuli ya mapaja ilikuwa imekakamaa kwa maumivu, na mkojo wa baadhi yao umegeuka kahawia. Wote walipona. Hata hivyo, hawa walikuwa vijana wenye siha, waliozoea vyuma kwa miaka mingi. Mtu anayeingia jimu kwa mara ya kwanza ana akiba ndogo zaidi.

Kilichowapata huitwa rabdomayolisisi. Nyuzi za misuli hupasuka na vilivyomo ndani yake humwagika katika damu, ikiwamo mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli. Ikifika kwenye figo kwa wingi, huziba na kudhuru mirija yake. Potasiamu nayo, ikizidi katika damu, huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Uhusiano huu wa misuli na figo ulielezwa kwa kina mjini London mwaka 1941, wakati Eric Bywaters na Desmond Beall walipoandika kuhusu watu waliofukuliwa kutoka vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu. Waliokolewa wakiwa hai, kisha figo zao zikashindwa kufanya kazi.

Maabara nayo huweza kupotosha. Karatasi ya kupimia mkojo huonyesha kuwa kuna damu, ilhali hadubini haioni chembe nyekundu, au huziona chache tu. Katika maeneo ambako kichocho ni ugonjwa wa kila siku, si vigumu kijana akaandikiwa dawa za kichocho na kurudishwa nyumbani, endapo hakuna aliyemuuliza juzi alikuwa akifanya nini.

Mwanafunzi wa vyuma hudanganywa na mwili wake mwenyewe. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka upesi, lakini msuli haujanenepa kiasi hicho. Ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuziamsha nyuzi nyingi kwa pamoja. Kano, zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, huimarika polepole zaidi. Basi anaongeza uzito kila juma kwa kuwa anaweza, na bega au goti hulipa deni hilo baadaye.

Thomas DeLorme, daktari Mmarekani aliyetumia vyuma kuwatibu askari majeruhi wa Vita Kuu ya Pili, alianza kwa kuwapa marudio 70 hadi 100 kwa kikao. Kufikia mwaka 1948, yeye na Arthur Watkins walikuwa wameona kuwa ni mengi mno, wakayapunguza hadi seti tatu za marudio kumi, ya kwanza kwa nusu ya uzito. Mwongozo wa mwaka 2009 wa Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo humpa anayeanza asilimia 60 hadi 70 ya uzito wake wa juu, marudio 8 hadi 12, siku mbili au tatu kwa wiki; aongeze asilimia 2 hadi 10 pale tu anapoweza kuvuka idadi aliyopangiwa kwa rudio moja au mawili.

Lakini nani, katika jimu ya uani yenye makopo yaliyojazwa saruji, anaujua uzito wake wa juu? Kipimo kinachofaa huko ni hiki: aache angali na uwezo wa kurudia mara mbili au tatu zaidi. Mwendo unapopungua kasi bila kukusudia, au anapolazimika kubana pumzi ili ainue, amekwisha kufika. Kubana pumzi kwenyewe hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, jambo zito kwa mwenye umri wa makamo ambaye hajapimwa.

Maumivu ya kawaida hujitokeza kesho yake, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Mkono uliovimba usionyooka, udhaifu unaozidi, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea si maumivu ya kawaida. Ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, pasipo kupitia duka la dawa kununua diklofenaki, ambayo huzidi kuzielemea figo. Wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu wawe waangalifu zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu askari weusi wa jeshi la Marekani wapatao 48,000 uliona hatari yao ya kupata rabdomayolisisi ya mazoezi ikiwa juu kwa asilimia 54. Wengi wa wabebaji hao hawaumwi lolote, wala hawajui kwamba wanacho.