Je, Wajua? Klabu za wahamiaji zilizolea soka la Australia

Je, wajua kwamba South Melbourne, klabu ya Wagiriki iliyotwaa ubingwa wa Australia mara nne, leo inacheza ligi ya jimbo? Haikushuka daraja kwa kufungwa uwanjani. Mwaka 2004 ligi ya taifa ilivunjwa, na ilipoanza ligi mpya mwaka uliofuata, klabu kongwe za wahamiaji hazikupewa nafasi. Na kwa kuwa ligi hiyo mpya haina kupanda wala kushuka daraja, hata ukiwa bingwa wa jimbo lako unabaki palepale.

Je, wajua kwamba klabu hiyo ilizaliwa mwaka 1959 kwa kuunganisha timu tatu? Hellenic na Yarra Park Aias zilikuwa za Wagiriki. Ya tatu, South Melbourne United, ilikuwa timu ya mtaa. Wakati huo meli zilikuwa zikishusha maelfu ya watu kutoka Ulaya ya kusini waliokuja kufanya kazi viwandani, na Jumapili uwanja ndio uliokuwa mahali pa kukutana na watu wa kwenu, kupata habari za nyumbani na kuulizia kazi.

Ferenc Puskás je? Yule Mhungaria wa Real Madrid, mmoja wa wafungaji wakubwa kuliko wote duniani, aliwahi kuwa kocha wa South Melbourne. Kiingereza chake kilikuwa haba, lakini Kigiriki alikijua, kwa sababu aliwahi kuinoa Panathinaikos ya Athens na kuifikisha fainali ya Kombe la Ulaya mwaka 1971. Nahodha wa South Melbourne alikuwa beki kijana aliyezaliwa Athens na kuletwa Australia akiwa na miaka mitano. Kijana huyo akawa mkalimani wa kocha, akawa dereva wake pia. Alimpeleka mazoezini na kumrudisha kwa gari lake kuukuu aina ya Datsun, na njiani wakizungumza mpira kwa Kigiriki. Jina lake ni Ange Postecoglou. Ndiye aliyekuja kuipa Tottenham kombe la Europa League mwaka 2025. Ukitaka kujua alikotoa ile hamu ya kushambulia bila kurudi nyuma, mimi nakuelekeza kwenye Datsun ile.

Fainali ya ligi ya taifa ambayo Puskás na Postecoglou walishinda pamoja mwaka 1991 ilikuwa dhidi ya Melbourne Croatia, klabu ya Wakroatia wa jiji hilohilo. Sare ya 1-1, kisha South wakashinda kwa penalti 5-4. Kwa hiyo fainali ya taifa zima ilichezwa na jamii mbili za wahamiaji. Mwaka 2017 Puskás alisimamishiwa sanamu Melbourne.

Je, wajua kwamba Januari 2000 South Melbourne walicheza katika uwanja wa Maracanã? Walikuwa mabingwa wa Oceania, kocha wao sasa akiwa Postecoglou mwenyewe, na walikwenda Rio de Janeiro kwenye mashindano ya kwanza ya klabu ya dunia ya FIFA. Walifungwa 2-0 na Vasco da Gama na 3-1 na Necaxa ya Mexico. Manchester United nao waliwafunga 2-0, na mabao yote mawili yalitiwa wavuni na Mwafrika, Quinton Fortune wa Afrika Kusini. Walipoteza mechi zote tatu, ndiyo. Lakini kikosi cha wachezaji ambao wengi wao mpira haukuwa kazi yao pekee kilisimama mbele ya mabingwa wa Ulaya, na kufungwa mawili tu si jambo la kuonea haya.

Nyumbani Australia, wakubwa wa soka waliona majina ya kikabila yanafukuza watazamaji. Katika miaka ya 1990 klabu zililazimishwa kuyafuta: Melbourne Croatia ikawa Melbourne Knights, Sydney Croatia ikawa Sydney United, Preston Makedonia ikawa Preston Lions, na South Melbourne ikaachana na neno "Hellas", yaani Ugiriki, katika jina lake. Kwangu mimi ule ulikuwa uonevu. Watu waliochanga fedha zao kujenga viwanja waliambiwa wajifiche ndani ya viwanja hivyo.

Matunda ya klabu hizo yalionekana Juni 22, 2006, Stuttgart, Kombe la Dunia: Australia 2, Croatia 2. Nahodha wa Australia ni Mark Viduka, mtoto wa Wakroatia, aliyelelewa na Melbourne Knights. Beki wa Croatia ni Josip Šimunić, mzaliwa wa Canberra, naye aliwahi kuchezea Melbourne Knights! Huyu Šimunić ndiye aliyeonyeshwa kadi tatu za njano katika mechi moja, baada ya mwamuzi Graham Poll kusahau kumtoa alipopata ya pili.

Celtic ya Glasgow, ambayo Postecoglou aliifundisha kuanzia 2021 hadi 2023, nayo ilianzishwa na wahamiaji, Wakatoliki kutoka Ireland, mwaka 1887. Lengo la mwanzo lilikuwa kupata fedha za kuwalisha watoto maskini.

Afrika Mashariki haiko mbali na hadithi hii. Thomas Deng alizaliwa Nairobi, familia yake ikitoka Sudan Kusini, na kabla ya kuingia ligi kuu alichezea Green Gully, klabu ya Wamalta wa Melbourne. Alikwenda Kombe la Dunia la 2022 na Australia, pamoja na rafiki yake wa utotoni Awer Mabil, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Mwaka huohuo wa 2022 Sydney United ilifika fainali ya Kombe la Australia, timu ya kwanza kutoka nje ya ligi kuu kufanya hivyo. Ilifungwa 2-0 na Macarthur. Baadhi ya mashabiki wake walipiga saluti za kifashisti siku hiyo na klabu ikatozwa faini. Hilo halina utetezi, na liliwaharibia wachezaji usiku waliostahili kusifiwa.

Marufuku ya majina na alama za kikabila iliondolewa mwaka 2019. Oktoba 2025 yakaanza mashindano mapya ya taifa ya klabu za chini ya ligi kuu, na South Melbourne, Sydney United, Preston Lions na Marconi ya Waitalia wa Sydney zimo. Kupanda kuingia ligi kuu bado hakujaruhusiwa.