Mioyo Miwili Ndani ya Duaradufu

Alfajiri katika mji wa Karatu, ukungu ungali umetanda juu ya mashamba ya kahawa, magari ya watalii hujipanga kwenye vituo vya mafuta, madereva wakipima upepo wa magurudumu na kufuta vioo. Na mtu atakayesimama kando ya barabara akayatazama kwa makini yakipanda kuelekea lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ataona kwamba mengi yao, yawe na rangi ya mchanga au ya majani makavu, yamebeba usoni alama ile ile moja: maduaradufu matatu, mawili madogo yakipishana ndani ya moja kubwa. Nilipokuwa mdogo niliamini kuwa hicho ni kichwa cha ng'ombe mwenye pembe, wala katika nchi ya wafugaji sikuona ajabu kampuni ya mbali kumchagua mnyama tunayemtukuza kiasi hicho. Nilipokua ndipo nilipojua kwamba tukiifuata asili ya jina la kampuni hiyo hatufiki zizini. Twafika shambani, tena shamba la mpunga.

Jina hilo lilianza na ukoo wa Toyoda, na maana yake kwa Kijapani ni shamba la mpunga lenye neema, mfano wa yale ambayo msafiri wa Ngorongoro huyaona pale Mto wa Mbu, maji yakimeremeta chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kabla gari halijaanza kuupanda mlima kwenda Karatu. Sakichi Toyoda, mwana wa seremala, hakuwa mtu wa magari. Umri wake aliutumia kubuni vitanda vya mfumi vinavyojiendesha vyenyewe, na ustadi wake ukasifika hata mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyojihesabu kuwa bingwa wa nguo za pamba ulimwenguni, ikanunua haki za ubunifu wake. Mwanawe Kiichiro ndiye aliyefungua idara ya magari mwaka 1933, ndani ya kiwanda kile kile cha vitanda vya mfumi.

Mwaka 1936 watu walialikwa kubuni alama ya magari hayo, na michoro ipatayo 27,000 ikaletwa. Mchoro ulioshinda uliandikwa Toyota badala ya Toyoda, na badiliko hilo la herufi moja lilikuwa na sababu ambazo mtu wa pwani, ajuaye jinsi wazee walivyoitafuta fali njema kabla ya kutweka tanga, atazielewa bila maelezo mengi: katika mwandiko wa Kijapani uitwao katakana, Toyota huandikwa kwa mikato minane ya kalamu ilhali Toyoda huhitaji kumi, na nane kwao ni hesabu ya heri, tena matamshi yake ni mepesi zaidi, na fauka ya hayo kampuni ikapata jina lake yenyewe, lisilokuwa jina la nyumba ya mtu.

Alama tuijuayo leo ilidhihirishwa Oktoba 1989, baada ya kufikiriwa kwa muda wa miaka mitano hivi, iwe ukumbusho wa nusu karne ya kampuni. Watungaji wake walieleza kwamba duaradufu moja la ndani ni moyo wa mnunuzi na la pili ni moyo wa kampuni, na kupishana kwao ni kuaminiana; kwamba hayo mawili kwa pamoja huchora herufi T na pia usukani; na kwamba lile kubwa linalozunguka ni dunia. Unene wa mistari haulingani, kwa kuiga brashi ya waandishi wa hati nzuri wa Japani, na pande mbili za kulia na kushoto zimefanana kwa makusudi, ili dereva aionaye alama katika kioo cha kutazamia nyuma aitambue papo hapo. Mwenye subira akiichambua atazipata humo herufi zote za jina.

Maelezo hayo ni mazuri, lakini kuaminiana hakupatikani kwa kuchora. Kwa miaka mingi mfalme wa njia za porini alikuwa Landrova, aliyetokeza Amsterdam mwaka 1948, naye pia ana duaradufu lake, la kijani. Na mwaka 1954, Hanji Umehara wa Toyota alipolitafutia jina gari lao la milimani, alichagua Land Cruiser kwa kusudi kwamba lisisikike duni mbele ya mshindani huyo. Jina hilo likaja kupata ithibati kwetu, katika tope jekundu la Karatu, kabla Japani haijasaidia kuijenga kwa lami barabara ya kutoka Makuyuni mpaka Lodoare. Hata leo lami huishia langoni. Kutoka hapo njia ni ya vumbi na mawe hadi ukingoni, na kasoko yenyewe ya Ngorongoro ina kina cha mita 600 hivi, wala haliruhusiwi kushuka gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Dereva ashukaye kwa njia ya Seneto na wageni sita mgongoni, akijua kwamba jioni atapaswa kuupanda tena mwinuko wa Lerai, ameuweka moyo wake amana kwa chuma. Hapo ndipo maneno ya watungaji wa alama yanapotimia, hata kama dereva mwenyewe hakuyasikia kamwe.

Katika Landkruza za mfululizo wa 70 zilizotengenezwa upya mwaka 2023, kampuni imeyaondoa maduaradufu usoni na kurudisha jina lake kwa herufi sita wazi, kama lilivyokuwa katika magari ya zamani. Wapo waliofurahi. Mimi naona wamekosea, kwani kama kuna gari lililostahili kuibeba ile mioyo miwili ni hili linaloshuka Seneto kila asubuhi.