Bomba Likiganda kwa Jalidi Njombe

Kuanzia Juni hadi Agosti, kuna asubuhi ambapo majani ya mabondeni mkoani Njombe huamka meupe kwa jalidi. Mkulima wa viazi mviringo au parachichi anaijua vizuri hasara yake. Hasara ambayo haisemwi sana iko uani: bomba limegoma kutoa maji alfajiri, jua likipanda linaanza kurusha maji kama limetobolewa. Fundi huitwa, kipande hubadilishwa, na kipupwe kinachofuata bomba linapasuka palepale. Hapo kilichotengenezwa ni bomba. Njia linamopita haikuguswa, na tatizo liko kwenye njia hiyo.

Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako iko chini kidogo, na uwanda wa Kitulo kule Makete unafika takriban meta 2,600. Usiku wa kipupwe, anga ikiwa haina wingu na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani hadi alfajiri. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hupigwa na jalidi wakati nyumba ya mlimani imesalimika. Vilevile, kitu kilicholala wazi chini ya anga hupoa kuliko hewa inayokizunguka. Kipimajoto kinaweza kuonyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri, kumbe bomba lililo juu ya nyasi limeshafika kiwango cha kuganda. Ukisikia utabiri wa nyuzi 3, usijione uko salama.

Maji yakipoa husinyaa mpaka kufikia nyuzi 4, kisha huanza kutanuka. Yakigeuka barafu, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 9. Ni nguvu ileile inayovunja chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Ndani ya bomba mambo huenda mbali zaidi. Barafu huziba njia kwanza, halafu inavyoendelea kukua huyasukuma maji yaliyobanwa kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda, presha hupanda, na bomba huachia pale lilipo dhaifu. Ndiyo sababu ufa unaweza kuwa mbali na barafu ilipo, na ndiyo sababu huoni tone mpaka jua liyeyushe kizibo.

Februari 2021 baridi kali iliikumba Texas, Marekani, na mabomba mengi yakapasuka majumbani. Kuna miji ya kaskazini mwa nchi hiyo inayopata baridi kuliko ile kila mwaka bila balaa la namna hiyo. Nyumba nyingi za Texas zilijengwa kwa kufikiria joto, mabomba yakipitishwa darini na kwenye kuta za nje bila kinga. Njombe nasi tuna bahati moja kubwa: baridi yetu ni ya saa chache, na udongo wenyewe hauishiwi joto. Kinachoganda ni kile tu tulichokiacha nje: bomba la nusu inchi linaloshuka ukutani kutoka kwenye simtanki, mpira au bomba la plastiki lililokatiza uani, koki ya bustani, na mitambo ya kuchemsha maji kwa jua iliyo juu ya mapaa. Simtanki lenyewe lina maji mengi, haligandi kirahisi. Bomba jembamba linalotoka humo ndilo hutangulia.

Ukifungua koki alfajiri maji yasitoke, kwanza hakikisha si mgawo: mwulize jirani, na angalia kama simtanki lina maji. Kama ni barafu, acha koki wazi, kisha subiri jua. Ukiwa na haraka, zungushia bomba kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu, ukianzia upande wa koki ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Usimwagie bomba la plastiki maji yanayochemka wala usilisogezee moto. Litalegea na kupinda. Na usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha bomba au watu. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Bomba likishapasuka, funga koki kuu iliyo karibu na dira ya maji, au ile ya kwenye simtanki kama maji yanatoka huko. Kisha fungua koki iliyo chini kuliko zote ili maji yaliyobaki yatoke. Maji yakiwa yameingia darini au yanatiririka karibu na swichi, zima umeme kwenye swichi kuu ukiwa umesimama pakavu. Kama huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, kaa mbali na uite fundi umeme. Kama koki kuu haipo au imekwama, mpira wa ndani wa baiskeli uliovutwa na kufungwa kwa nguvu juu ya ufa utapunguza maji mpaka fundi afike.

Wakati wa kutengeneza, kata kupita mwisho wa ufa unaoonekana, kwa sababu ufa mwembamba huendelea mbele bila kuonekana. Bomba la PVC huunganishwa kwa soketi na gundi, likiwa kavu na safi. Kwenye baridi gundi huchelewa kukauka, basi kazi ifanyike jua likiwa limepanda na maji yasirudishwe haraka. Bomba jeusi la rola halishiki gundi, linahitaji viungo vya kukaza. Bomba la chuma hukaguliwa zaidi kwenye nyuzi za maungio. Ukimaliza, fungua maji polepole, kagua urefu wote, na uyaache yatiririke mpaka tope liishe kabla ya kuyachemsha kwa kunywa.

Usiku ule ule, funga koki zote kisha itazame dira. Ikiendelea kuzunguka, kuna ufa mwingine. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, na maji yakishapita kwenye dira yanahesabiwa kwako hata kama yameishia kwenye udongo.

Kinga yake haina gharama kubwa. Fukia bomba la uani angalau futi mbili. Kina hicho kitaliokoa na jalidi, jua, jembe na kwato za ng'ombe. Jua ni adui wa pili, kwani huikausha PVC ikawa nyepesi kuvunjika, na baridi huja kumalizia. Sehemu isiyoweza kufukiwa ivishwe sponji au matambara makavu, kisha nailoni kwa juu, maana tambara lililolowa halizuii baridi. Weka koki kwenye mdomo wa simtanki na nyingine mahali pa chini kabisa, ili jioni ya baridi uweze kufunga ya juu, kufungua ya chini, na kuliacha bomba tupu. Bomba tupu halipasuki.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa kipupwe kabla msimu haujaingia. Ukiusikia, shika jembe ufukie bomba lako, na mwonyeshe kila mtu wa nyumbani, watoto wakiwemo, koki kuu ilipo na inavyofungwa.