Elimu ya Wataalamu Wasaidizi wa Mifugo Rungwe

Huduma ya afya ya mifugo nchini Tanzania hutolewa na wataalamu wa ngazi tatu. Wa kwanza ni daktari wa mifugo, mwenye shahada inayosomwa kwa miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Chini yake yupo mtaalamu msaidizi mwenye stashahada, kisha msaidizi mwenye astashahada. Katika vijiji vya wilaya ya Rungwe, anayefika zizini ng'ombe anapougua mara nyingi hutoka katika ngazi hizi mbili za chini, ingawa wafugaji humwita daktari.

Mtu wa kuanza safari ya kuingia katika ngazi hizo mbili ni kijana aliyemaliza kidato cha nne. Kwa kawaida hutakiwa awe na alama D au zaidi katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo ya sayansi kama Baiolojia na Kemia. Sifa kamili hutangazwa katika mwongozo wa udahili wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), na mwombaji anapaswa kusoma toleo la mwaka husika.

Mafunzo yenyewe hutolewa zaidi na Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA), wenye kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Temeke, Mabuki, Kikulula na Madaba. Madaba, mkoani Ruvuma, ndiyo iliyo katika Nyanda za Juu Kusini pamoja na Rungwe. Kozi kuu ni Afya ya Wanyama na Uzalishaji. Mwanafunzi hupanda kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 5 na kupata astashahada; akiendelea hadi ngazi ya 6 hupata stashahada. Kila ngazi huchukua takriban mwaka mmoja, ikiwemo kazi ya vitendo shambani.

Masomo hayo yanahusu maumbile ya mnyama, vimelea, matumizi ya dawa, lishe, uzazi, ukaguzi wa nyama na usafi wa maziwa. Umuhimu wake huonekana wazi Rungwe, ambako wafugaji wengi hufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini na kuwakatia mabingobingo. Ng'ombe chotara hutoa maziwa mengi kuliko wa kienyeji, lakini hushindwa haraka na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Msaidizi anapaswa kutambua mapema homa na uvimbe wa tezi, kwa kuwa dawa hufanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa bado mwanzoni. Anapotibu ugonjwa wa kiwele kwa antibayotiki, ni lazima amweleze mfugaji siku ambazo maziwa hayapaswi kunywewa wala kupelekwa kituo cha kukusanyia.

Uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizohifadhiwa badala ya dume, ni ujuzi wa ziada unaohitaji kozi yake. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, huzalisha mbegu za madume bora na kufundisha wahimilishaji. Mwanafunzi hujifunza kutunza mbegu katika kimiminika cha naitrojeni chenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri, kuiyeyusha kwa usahihi, na kupima wakati: ng'ombe aliyeonyesha joto asubuhi kwa kawaida hupandishwa jioni. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili, huduma hii humwepusha na gharama ya kulisha dume.

Cheti cha chuo peke yake hakimruhusu mtu kutoa huduma. Chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, Baraza la Veterinari Tanzania husajili madaktari, huandikisha wenye stashahada na kuorodhesha wenye astashahada. Wasaidizi hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa, na mambo yanayozidi uwezo wao, kama upasuaji mkubwa, humpelekea yeye. Wakishatambuliwa wanaweza kuajiriwa na halmashauri kama maofisa mifugo wa kata au vijiji, kufanya kazi katika mashamba na viwanda vya maziwa, au kuhudumu katika maduka ya dawa za mifugo. Mwenye stashahada yenye ufaulu mzuri anaweza pia kuomba nafasi ya shahada na hatimaye kuwa daktari wa mifugo.